Kabla ya Kukaa na Wakili: Maandalizi ya Madai ya Fidia ya Ajali Nchini Kenya

Mkutano wa kwanza kati ya majeruhi na wakili wa kesi za fidia ndipo mahali ambapo maumivu hupimwa kwa kipimo cha ushahidi. Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na walio wengi kuliko hao hurudi nyumbani na vyuma mifupani, makovu, au mguu usiokunja tena. Wengi wao wana haki ya kudai fidia. Wanaoipata kikamilifu ni wachache zaidi, na mara nyingi tofauti haitokani na ufasaha wa wakili mahakamani. Hutokana na yale yaliyofanyika, au yaliyoachwa, katika majuma ya mwanzo: karatasi gani zilihifadhiwa, nani alitia sahihi nini, na wakili aliambiwa ukweli kiasi gani.

Sababu ya jambo hili imo katika utaratibu wenyewe wa kesi. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 zinamtaka aambatishe kwenye hati ya madai orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, pamoja na nakala za hati atakazozitegemea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kesi huwa imekwisha kujengwa kabla hakimu hajaiona. Maelezo yanayotolewa siku ya kwanza katika ofisi ya wakili ndiyo hugeuka kuwa ushahidi ambao mdai ataulizwa kwa kina mwaka mmoja au miwili baadaye, akiwa kizimbani.

Maandalizi huanza hata kabla ya wakili kujulikana. Katika vyumba vya dharura na kwenye vituo vya polisi, majeruhi na jamaa zake hufikiwa na watu wasio mawakili, wanaojulikana kwa jina la mabroka. Hujitambulisha kama wasaidizi, huahidi fedha za haraka, na hubeba fomu inayohitaji sahihi au alama ya kidole tu. Sheria ya Mawakili inakataza wakili kutafutiwa wateja kwa njia hiyo, na mteja anayepatikana hivyo mara nyingi hajui hata jina la ofisi iliyoichukua kesi yake. Madhara yake hujitokeza baadaye: majeruhi anamtafuta wakili wake mwenyewe, kumbe kesi ya ajali ileile imekwisha funguliwa kwa jina lake na ofisi nyingine. Kesi mbili kwa jeraha moja huipa kampuni ya bima sababu nzuri ya kudai kuwa kuna udanganyifu, na mtu asiye na hatia huanza kwa kujitetea. Aliyewahi kutia sahihi karatasi yoyote akiwa wodini analazimika kumweleza wakili mpya mapema, ili ithibitishwe kama kesi ipo na, ikiwa ipo, hati ya kubadilisha wakili iwasilishwe.

Hatari ya pili hutoka upande wa aliyesababisha ajali. Mwenye gari, au mtu aliyetumwa na bima, hufika na fedha za kusaidia gharama za hospitali. Msaada wenyewe si mbaya, na familia iliyobanwa na bili haiwezi kulaumiwa kwa kuupokea. Tatizo ni karatasi inayoambatana nao. Ikiwa inasema kwamba majeruhi amepokea malipo kamili na hatakuwa na dai lolote tena, sahihi hiyo inaweza kuyazika madai ya mamilioni kwa malipo ya elfu chache. Karatasi ya namna hiyo ikishatiwa sahihi, iletwe kwa wakili ilivyo. Ikiwa bado haijatiwa, isubiri.

Kumthibitisha wakili hakuhitaji kujuana na watu. Kila wakili anayefanya kazi lazima awe na leseni ya kila mwaka, na Chama cha Mawakili cha Kenya huweka orodha inayoweza kutafutwa mtandaoni kwa jina. Jina likikosekana, au likionekana bila leseni ya mwaka husika, hakuna haja ya kwenda mbele. Kuna swali jingine ambalo wengi huona haya kuliuliza, ingawa ni la lazima: je, ofisi hiyo huwakilisha kampuni ya bima ya gari lililomwumiza mteja? Ofisi nyingi za mawakili hufanya kazi kwa niaba ya makampuni ya bima. Hilo ni halali kabisa, lakini wakili hawezi kuwatumikia wapinzani wawili katika shauri moja.

Kitu cha kwanza ambacho wakili makini atauliza ni tarehe. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka 3 tangu siku ya ajali kwa madai yanayotokana na uzembe. Anayedai dhidi ya Serikali, kwa mfano aliyegongwa na gari la polisi au la wizara, ana miezi 12 pekee. Madai ya mfanyakazi aliyeumia kazini chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA, nayo yana miezi 12. Jamaa wa aliyefariki huhesabiwa miaka 3 tangu siku ya kifo, na kwa mtoto saa huanza kuhesabu anapotimiza miaka 18. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa madai ya majeraha pale mdai alipokuwa hajui mambo ya msingi yanayohusu dai lake, lakini kutokujua sheria hakuhesabiwi, na kungoja ahadi za mwenye gari hakuhesabiwi pia. Ahadi hizo ndizo hula muda wa watu wengi: mwaka mzima wa simu za upole, kisha simu haipokelewi tena.

Swali linalofuata ni nani anayedaiwa. Jibu la haraka, dereva, halitoshi. Dereva wa matatu kwa kawaida hana mali ya kulipia hukumu. Mwenye gari huwajibika kwa uzembe wa dereva aliyemwajiri au aliyemtuma, na chini ya Sheria ya Trafiki aliyeandikishwa katika kumbukumbu za gari huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana nambari ya usajili ni kitu cha thamani kubwa. Kwa nambari hiyo wakili huomba kumbukumbu za umiliki kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), na majibu yake mara nyingine hushangaza. Magari huuzwa bila umiliki kuhamishwa. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo huweza kuwa na jina la mkopeshaji pamoja na la mwendeshaji. Matatu hubeba rangi na jina la sacco ilhali mmiliki ni mtu mwingine kabisa. Picha moja ya gari iliyopigwa papo hapo na msamaria, ikionyesha nambari mbele au nyuma, inaweza kuokoa miezi ya kutafuta. Palipo na gari lililogonga na kukimbia bila mtu kusoma nambari yake, kesi hukosa wa kudaiwa.

Nyuma ya mwenye gari ipo bima. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya kulinda watu wengine, na inailazimu kampuni iliyotoa bima hiyo kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mwenye gari, mradi ilipewa taarifa ya kesi ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria. Kwa hiyo jina la kampuni ya bima na nambari ya cheti ni taarifa za kupelekwa siku ya kwanza, na mara nyingi huwa zimo katika hati ya polisi.

Mtu aliyeumia kazini yuko katika njia tofauti. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, imekuwa wazi kwamba mfanyakazi hawezi kumpeleka mwajiri wake mahakamani moja kwa moja kudai fidia ya jeraha la kazini. Dai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Mambo huwa magumu pale njia mbili zinapokutana, kama utingo anayeumia akiwa kazini kwa kugongwa na lori la kampuni nyingine. Huyo anaweza kuwa na mafao ya WIBA na pia dai dhidi ya mwenye lori. Asipomweleza wakili kwamba alikuwa zamuni, upande mmoja wa haki yake utabaki bila kuguswa.

Karatasi za polisi ndizo msingi wa kesi ya barabarani. Sheria inamtaka dereva aliyehusika kuripoti ajali ndani ya saa 24, na ripoti hiyo huandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo. Nambari ya tukio, ile ambayo kila Mkenya huiita nambari ya OB, ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata. Baadaye polisi hutoa abstrakti, karatasi fupi inayoonyesha tarehe, mahali, magari yaliyohusika, wamiliki, bima, walioumia, na hatua ya uchunguzi. Wengi huipokea abstrakti, wakaikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Hili ni kosa la gharama kubwa. Jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho, abiria aliyeandikwa kuwa mtembea kwa miguu, au herufi moja ya nambari ya gari iliyokosewa, yote hugeuka kuwa silaha mikononi mwa wakili wa upande wa pili. Kosa likigunduliwa mapema, hurekebishwa kituoni kwa ziara moja. Likigunduliwa wakati wa kusikilizwa kwa kesi, afisa aliyeiandika huenda amekwisha hamishwa kwenda kaunti nyingine.

Ikiwa dereva ameshtakiwa kwa kosa la trafiki, nambari ya kesi hiyo na mahakama inapoendeshwa viandikwe. Dereva akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukaisha, Sheria ya Ushahidi inaifanya hukumu hiyo kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo. Mdai aliyelala kitandani hana njia ya kujua kwamba dereva alikiri kosa na kulipa faini asubuhi moja katika mahakama ya mji mdogo, lakini jamaa aliyefuatilia anaweza kuokoa nusu ya kazi ya kesi.

Karatasi za hospitali ni nyingi zaidi, na si zote zenye uzito sawa. Yenye uzito mkubwa mara nyingi ndiyo inayodharauliwa: kadi au karatasi ya matibabu ya saa za kwanza, iliyoandikwa kwa haraka katika zahanati au chumba cha dharura. Iliandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria fidia, na kwa sababu hiyo huaminika. Ikiwa inataja jeraha la mkono tu, na ripoti ya daktari iliyoandikwa miezi sita baadaye inataja mkono, mgongo na kichwa, pengo hilo lazima lielezeke. Baada yake hufuata muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, barua za rufaa kutoka hospitali ya chini hadi ya kaunti au hadi hospitali kuu kama Kenyatta ya Nairobi au Moi ya Eldoret, picha za eksirei zenyewe pamoja na tafsiri yake, na fomu ya P3, inayotolewa na polisi na kujazwa na daktari ili kueleza aina na ukubwa wa jeraha. Majina yote katika karatasi hizi yanapaswa kulingana. Hospitali humsajili mgonjwa kwa jina alilotaja aliyemleta, na msamaria hajui jina la tatu la mtu aliyemwokota barabarani.

Vipindi visivyo na matibabu navyo huhitaji maelezo. Wapo wanaotoka hospitalini kwa kukosa fedha, wakaenda kwa mganga wa mifupa kijijini, kisha wakarudi hospitalini mfupa ukiwa umeunga vibaya. Wakili wa bima atasema majeruhi alijiongezea madhara. Jibu lipo, nalo ni la kibinadamu na la kweli, lakini lazima wakili wa mdai alijue mapema, pamoja na ushahidi wa bili iliyomshinda mgonjwa.

Ripoti ya daktari inayotumika mahakamani ni kitu kingine tena. Wakili humpeleka mteja kwa daktari atakayeeleza jeraha, hali ya sasa, na kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Kampuni ya bima ina haki ya kumtaka apimwe pia na daktari wake, na ripoti mbili za jeraha moja hutofautiana mara kwa mara. Mteja anayeelezwa hili siku ya kwanza hatashtuka baadaye, wala hatadhani kuwa wakili wake amemgeuka anapomwambia aende kwa daktari wa upande wa pili.

Sheria hugawa fidia katika mafungu mawili makubwa, na ni vyema majeruhi ayajue kwa sababu kila moja lina mahitaji yake. Fidia ya jumla hulipia maumivu, mateso na kupotea kwa raha za maisha. Hakimu huikadiria kwa kulinganisha majeraha na yale ya kesi zilizokwisha amuliwa. Fidia maalumu hulipia fedha ambazo zimekwisha toka, nayo haina makadirio hata kidogo: lazima kila kiasi kitajwe katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Hapa ndipo fedha nyingi za majeruhi hupotea. Bili ya hospitali bila risiti huonyesha deni, haionyeshi malipo. Risiti za dawa zilizotolewa kwa karatasi nyepesi hufifia na kuwa nyeupe, hivyo hupaswa kupigwa picha mapema. Nauli za teksi kwenda kliniki, magongo, kiti cha magurudumu, mlezi aliyelipwa kumhudumia mgonjwa nyumbani, yote ni sehemu ya dai ikiwa yana alama. Katika nchi ambayo malipo mengi hupita kwenye simu, taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho ni hati ya maana sana, na inapatikana hata kwa asiyewahi kuhifadhi risiti maishani. Palipo na malipo yaliyofanywa na bima ya afya, iwe ya NHIF ya zamani au ya mfumo wa SHA ulioanza Oktoba 2024, taarifa hiyo itenganishwe na ile ya fedha zilizotoka mfukoni mwa familia.

Gharama za matibabu yajayo husahaulika kuliko zote. Mtu aliyewekewa vyuma katika paja huenda akahitaji upasuaji wa kuviondoa. Mahakama za Kenya zimekwisha kusema kwamba gharama hiyo lazima idaiwe waziwazi tangu mwanzo. Haiwezi kuchomekwa mwishoni kama jambo lililokumbukwa njiani. Majeruhi anayeenda kwa wakili na amwulize daktari wake mapema: ni nini bado kinahitajika, na kitagharimu kiasi gani?

Kipato nacho huwatia hofu watu wasio na hati za mshahara. Mama anayeuza mboga sokoni Kongowea, mwendeshaji bodaboda au fundi wa mjengo mara nyingi huamini kwamba bila karatasi hawezi kudai chochote kwa kazi aliyopoteza. Si kweli. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2005 kwamba kipato kinaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine kando ya hati, kwa sababu wafanyakazi wengi wa Kenya hawaweki vitabu vya hesabu. Hata hivyo, njia nyingine haina maana ya bila ushahidi. Daftari la chama, taarifa ya M-Pesa, makato ya mkopo wa pikipiki, shahidi aliyefanya kazi naye, kibali cha biashara cha kaunti: vyote husaidia. Palipokosekana kabisa, mahakama mara nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali, na kwa mtu aliyekuwa akipata zaidi ya hapo hiyo ni hasara ya kweli.

Baada ya karatasi huja masimulizi. Kabla ya mkutano ni vizuri majeruhi aandike, kwa lugha aliyoizoea, yaliyotokea hatua kwa hatua: alikotoka, alikokuwa ameketi au kusimama, hali ya barabara na mwanga, mwendo wa gari, upande lilikotokea, na waliokuwapo. Majina na simu za mashahidi ziandikwe hapohapo, kwani watu huhama na nambari hubadilika. Kitu ambacho mtu hakukiona asikijaze kwa kukisia. Abiria aliyekuwa amelala atasema alikuwa amelala, na kesi yake haifi kwa hilo.

Ukweli unaomwumiza mdai ndio wa kusemwa kwanza. Je, alipanda bodaboda bila helmeti, wakiwa watatu juu ya pikipiki moja? Alikuwa amefunga mkanda? Alivuka barabara ya Thika chini ya daraja la miguu badala ya kulitumia? Alikuwa amekunywa? Sheria ya Kenya hugawa lawama. Mdai aliyechangia ajali au jeraha lake hupunguziwa fidia kwa kiwango cha mchango wake, kwa mfano asilimia 20, lakini hanyimwi yote. Wakili anayelijua hili mapema huweza kulikabili, hata kulitumia kufikia mapatano ya haki. Wakili anayelisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani, mbele ya hakimu, hubaki na mteja ambaye haaminiki tena katika lolote, hata katika maumivu yake ya kweli. Vivyo hivyo kwa majeraha ya zamani: mgongo uliouma kabla ya ajali, kesi nyingine ya fidia iliyotangulia, ajali ya pili iliyofuata. Mazungumzo ya mteja na wakili yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, na wakili hawezi kuyafichua bila idhini ya mteja. Ulinzi huo upo ili mtu aseme bila woga.

Lugha inastahili uangalifu wake. Maelezo ya shahidi huandikwa Kiingereza katika ofisi nyingi, ilhali mteja amesimulia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Baadaye huapishwa na kuulizwa juu ya maneno ambayo hakuyachagua. Neno moja la kuashiria kwamba alikuwa "akikimbia" badala ya "akitembea haraka" linaweza kugeuza lawama. Mteja ana haki kamili ya kusomewa maelezo yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, na kusahihisha pale yalipokwenda kombo. Ofisi inayomharakisha katika hatua hii inamdhulumu, hata kama haikukusudia.

Familia ya aliyefariki huenda kwa wakili na mzigo mwingine. Hapo kuna madai mawili: la wategemezi chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, na la mirathi ya marehemu chini ya Sura ya 26. Dai la mirathi haliwezi kufunguliwa kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi, ambayo inaweza kuwa ya kusudi la kesi pekee. Cheti cha kifo, kibali cha mazishi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu inayowataja wategemezi ndivyo vya kukusanywa. Ugomvi wa nani ni mke halali, au nani asimamie, usifichwe kwa aibu. Hujitokeza tu siku ya malipo, ukasimamisha hundi. Kwa mtoto aliyeumia, mzazi au mlezi hufungua kesi kwa niaba yake, na cheti cha kuzaliwa kinatosha kuanzia.

Fedha za wakili ndilo jambo ambalo wateja wengi hutoka ofisini bila kulielewa. Katika nchi nyingine ni kawaida wakili kuchukua asilimia ya fidia pale anaposhinda tu, na baadhi ya mabroka wa Kenya huuza ahadi hiyo kana kwamba ni sheria ya nchi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayabatilisha makubaliano ya ada inayolipwa kwa sharti la kushinda. Ada husimamiwa na viwango vya malipo ya mawakili vilivyowekwa kisheria, na pande mbili zinaweza kuandikiana makubaliano halali. La msingi ni kuuliza na kupata majibu kwa maandishi. Nani atalipa ada ya kufungua kesi, ripoti ya daktari, na siku ya daktari na polisi kuja kutoa ushahidi? Ofisi ikizitanguliza, zitakatwa vipi? Kesi ikishindwa, mteja atadaiwa gharama za upande wa pili? Hundi ya fidia hupita kwa wakili, ambaye kanuni zinamtaka aweke fedha za mteja katika akaunti tofauti na yake. Mteja aulize mapema atapewa hesabu ya namna gani na baada ya siku ngapi. Malalamiko ya wateja wasiofikiwa na fidia yao yana njia: Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko hayo bila kuhitaji wakili mwingine.

Asiyeweza kumudu gharama ana milango michache, haba kuliko inavyostahili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Shirika la Kituo cha Sheria limekuwa likiwasaidia maskini tangu 1973. Kwa majeraha madogo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, yakiwemo ya majeraha ya mwili, na sheria yake inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Humo mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Wakili mkweli atamwambia mteja mwenye jeraha dogo kwamba mahakama hiyo inamfaa.

Mkutano wa kwanza pia ni mahali pa kupima matumaini. Wakili hawezi kutaja kiasi cha uhakika kabla ya kuona ripoti ya daktari, na anayekitaja dakika ya kumi anauza ndoto. Anachoweza ni kueleza mipaka. Sura ya 405 inaiwekea kampuni ya bima kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, tofauti hutafutwa kutoka kwa mwenye gari, ambaye huenda ana mali au hana. Kampuni ya bima yenyewe inaweza kuanguka, kama ilivyotokea kwa United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na kuacha hukumu zisizolipwa zikielea kwa miaka. Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima upo kwa hali hizo, lakini malipo yake yana kikomo ambacho hakifikii fidia ya jeraha kubwa.

Mteja akitoka ofisini anapaswa kuwa na vitu vichache mkononi: nakala ya alichotia sahihi, jina la wakili anayeshika faili na si la karani pekee, nambari ya faili, na orodha ya hati zinazokosekana ikionyesha nani atazitafuta. Hati za asili, hasa picha za eksirei na risiti, zikiachwa kwa wakili, ziachwe kwa orodha iliyotiwa sahihi na ofisi, nakala zibaki nyumbani. Kutoka hapo hufuata barua ya madai kwa mwenye gari na taarifa kwa bima, na palipo na majibu ya kuridhisha, mapatano nje ya mahakama. Majibu yasipokuja, kesi hufunguliwa, sasa kwa njia ya mtandao wa Idara ya Mahakama. Mteja ataendelea kuweka risiti za kila kliniki inayofuata na kumjulisha wakili kila mabadiliko ya hali yake, ya anwani yake na ya nambari yake ya simu, mpaka hesabu ya mwisho ifungwe.